Kupanga Matembezi ya Mzunguko Katika Vilima vya Enguserosambu

Na Mwandishi Wetu, Ngorongoro

Jina la Ngorongoro likitajwa, wengi hufikiria kreta na magari ya watalii yanayoshuka humo asubuhi. Wilaya ya Ngorongoro, hata hivyo, ni pana kuliko hifadhi inayobeba jina hilo. Kaskazini yake, katika Tarafa ya Loliondo karibu na mpaka wa Kenya, ipo Kata ya Enguserosambu: nchi ya vilima, malisho ya wazi na msitu wa milimani wenye mitarakwa na mizeituni-mwitu. Ni nchi inayomvuta mtu kutembea kwa miguu. Haina lango la kuingilia, na hapo ndipo makosa ya wageni wengi huanzia, kwa kudhani kwamba pasipo na lango hapana mwenyewe.

Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro utaratibu unafahamika. Anayetaka kutembea Olmoti au Empakaai hulipa ada, kisha hufuatana na askari wa uhifadhi mwenye silaha. Enguserosambu iko nje ya mipaka ya hifadhi hiyo. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inavipa vijiji nafasi ya kumiliki na kusimamia misitu yao wenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kupanga matembezi hufanyika katika ofisi ya kijiji, mbele ya Mwenyekiti au Afisa Mtendaji, kabla hata ya kufungasha mkoba. Hapo mgeni hueleza anakotaka kupita, huuliza kama kuna ada, na huomba mwenyeji wa kumwongoza.

Mwongozaji huyo si pambo. Msituni wamo nyati, na nyati aliyeshtuliwa kwa ghafla hana subira. Mwenyeji anajua ni bonde lipi limeingiliwa na wanyama wiki hii na ni chemchemi ipi ng'ombe hunywa saa nne. Anajua pia malisho yaliyotengwa kwa ajili ya ndama, ambayo Wamaasai huyaita olopololi. Kundi la watu ishirini likiyakanyaga wakati wa kiangazi huacha hasara kwa familia ambayo haikualikwa kwenye matembezi hayo. Ramani haionyeshi lolote kati ya haya.

Ramani, hata hivyo, haikwepeki. Ile ya vipimo vya 1:50,000 ndiyo inayofaa, kwa kuwa sentimita 2 juu ya karatasi ni kilomita 1 ardhini. Katika nchi ya vilima, urefu wa njia ni nusu tu ya habari; nusu ya pili imo katika mistari ya kontua. Mistari ikisongamana, mteremko ni mkali; ikiachana, ardhi imelala. Hesabu mita zote utakazopanda njiani, hata zile za vilima vidogo vinavyokuja baada ya kilele, kwa maana hivyo ndivyo humaliza miguu.

Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo ingali inatumika duniani. Kwa vipimo vya leo ni saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo inamhusu mtu mwenye mazoezi, asiyepumzika. Kwa kundi la watu mchanganyiko, tena katika mwinuko unaozidi mita 2,000 ambako mtu aliyetoka Dar es Salaam huhema mapema, ni busara kuhesabu kilomita 4 kwa saa. Tuchukue mfano wa mzunguko wa wastani wa kilomita 12 wenye mita 450 za kupanda. Mwendo ni saa 3, kupanda ni dakika 45, na mapumziko pamoja na chakula ni saa moja na robo. Jumla ni saa 5. Kundi likiondoka saa 2:00 asubuhi, hurejea saa 7:00 mchana, kabla ya mawingu ya alasiri.

Mzunguko una mtego ambao njia ya kwenda na kurudi haina. Anayerudi alikopita anaijua njia. Anayezunguka hukutana na njia ngeni hadi hatua ya mwisho, akiwa tayari amechoka. Ndiyo maana saa ya kugeuka huamuliwa kabla ya kuondoka. Katika mfano wetu, tuseme sehemu ya juu kabisa iko kilomita 5 kutoka mwanzo na kupanda kote kumeishia hapo. Kundi linapaswa kufika huko karibu saa 4:20. Ikitimia saa 5:00 bado hawajafika, warudi walikotoka. Uamuzi huu ni mgumu kuufanya mlimani, kwani kila mtu huona kilele kiko karibu.

Kuhusu upande wa kuanzia, ushauri wetu ni kupanda upande mkali asubuhi na kushuka upande uliolala. Kwenye udongo uliolowa, vifundo vya miguu huteguka zaidi wakati wa kushuka. Empakaai humfundisha mgeni jambo hili kwa njia nyingine: huko mtu huanza kwa kuteremka hadi ziwani akiwa na furaha, kisha hulipa deni lote kwa kupanda mwishoni.

Miezi ya Juni hadi Oktoba ni mikavu na inafaa zaidi. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, vijito hujaa na njia huteleza. Safari kutoka Arusha kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaresero huchukua sehemu kubwa ya siku, hivyo mgeni asipange kufika na kutembea siku hiyo hiyo. Alale Wasso au Loliondo. Na Wasso ndiko iliko hospitali, jambo la kukumbuka.

Kila mtu abebe maji lita 3, koti la mvua, sweta, filimbi na tochi. Tochi ni ya lazima hata kwa matembezi ya asubuhi: jua huzama kati ya saa 12:30 jioni na saa 1:00, na katika nchi iliyo karibu na Ikweta giza halichelewi. Simu isitegemewe mabondeni, na karibu na mpaka huweza kudaka mtandao wa nchi jirani. Kwa sababu hiyo hiyo ya mpaka, mzunguko uchorwe wote ndani ya Tanzania. Mizinga ya nyuki inayoning'inia mitini iachwe kwa mbali. Nyuki hawatofautishi mgeni na mwizi wa asali.

Mkirejea, piteni tena ofisini au mpigieni Afisa Mtendaji mkiwa bado kijijini. Kundi lililoondoka kimya kimya kuelekea mjini laweza kuwafanya vijana wa kijiji waingie msituni usiku, kwenye nyati, kuwatafuta watu ambao tayari wanakula chakula cha jioni Wasso.