Je, Wajua? Korongo wa Dandora na nyaya za stima

Ndege akitua kwenye waya mmoja wa stima hadhuriki. Umeme humuua pale mwili wake unapounganisha nyaya mbili, au waya na chuma cha mlingoti.

• Korongo mfuko-shingo, yule mwenye upara anayetafuta chakula kwenye jaa la Dandora, akikunjua mabawa hutanda zaidi ya mita 2. Shomoro hupita salama kati ya nyaya zinazoweza kumuua korongo.

• Manyoya makavu hayapitishi umeme kwa urahisi. Yakilowa, huupitisha. Msimu wa mvua una hatari zaidi.

• Watu nao huathirika mnyama anapogusa mitambo ya umeme. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru. Kenya nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika.

• Kinga ipo, nayo ni rahisi: nyaya zitenganishwe kupita upana wa mabawa, au zivikwe plastiki karibu na mlingoti. Korongo hutuondolea mizoga na mabaki kila siku. Anastahili mahali salama pa kutua.