Breki Zinazokataa na Kukubali: Tutafuteje Shida?

Vikundi vingi vya mwethya huku kwetu Kiboko hutegemea pikapu iliyonunuliwa ikiwa imetumika, ya kubeba maembe, ndengu na mitungi ya maji. Dereva anasema, "Jana breki zilikataa, leo ziko sawa." Kamati inafurahi, gari linaendelea. Ndugu zangu, breki haijiponyi. Kwenye barabara ya Mombasa, katikati ya malori, kukataa mara moja tu kunatosha kuleta msiba.

Kabla ya kumwita fundi, tumwulize dereva: zinakataa wakati gani? Pedali inakuwaje mguuni? Majibu yake ni nusu ya kazi.

1. Pedali inazama polepole gari likiwa limesimama, ukipampu inarudi. Tazama kikombe cha mafuta ya breki. Yakipungua, kuna mahali yanavuja: kagua paipu na upande wa ndani wa kila gurudumu. Yasipopungua, huenda raba za ndani ya masta silinda zimechoka.

2. Pedali inalegea kwenye mteremko mrefu, ikipoa inakaza. Hii huonekana sana ukitoka milima ya Mbooni na mzigo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwa 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hauwezi kusukuma breki. Badilisheni yote kila miaka 2, na dereva ateremke kwa gia ndogo.

3. Pedali ni ngumu kama jiwe. Zima injini, kanyaga mara 5, shikilia hapo, kisha washa. Pedali ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka, anza na mpira unaotoka injini kwenda busta. Mara nyingi umepasuka.

4. Gari linavuta upande mmoja. Baada ya safari, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa moto kuliko zingine, breki yake imekwama, pengine kwa vumbi.

5. Zinakataa baada ya kuvuka mto. Dramu zimelowa. Endesha polepole ukikanyaga kidogo kidogo mpaka zikauke. Zikizidi kukataa, zifunguliwe. Utakuta mchanga na matope.

Onyo: usiongeze kamwe oili ya injini kwenye kikombe cha breki. Inavimbisha raba zote, na gharama inakuwa mara nyingi zaidi.

Tunapendekeza kila kikundi kiandike sheria hii kwenye kitabu cha mikutano: dereva akisema breki zina shida, gari halitoki mpaka chanzo kijulikane, hata kama ni siku ya soko. Naye mweka hazina atenge kitu kidogo kila mwezi kwa kazi hiyo. Maembe yakioza tutapanda msimu mwingine wa kuvuna. Mtu hapandwi tena. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.