Kambi za sayansi za Marekani: mwanafunzi wa kijijini anaombaje?

Ujumbe wa namna hii hutufikia mara kwa mara. Mzazi anaandika kwamba mwanawe "amepata nafasi ya kwenda kusoma sayansi Marekani", na kuna mtu wa kati anayetaka hela ya fomu itumwe kwa simu kabla ya Ijumaa. Mzazi anauliza: ni kweli au ni utapeli?

Kambi zenyewe ni za kweli. Huyo wa kati ndiye wa kumwogopa, kwa sababu maombi hujazwa na mwanafunzi mwenyewe kwenye tovuti ya kambi, na hakuna wakala anayeweza kumnunulia nafasi.

Juni hadi Agosti, wakati sisi tuko kwenye miezi ya baridi, Marekani ni majira ya joto na shule zimefungwa. Katika miezi hiyo baadhi ya vyuo vikuu hupokea wanafunzi wa sekondari. Kambi inayotajwa sana ni RSI, iliyoanza mwaka 1984 na sasa hufanyika katika chuo cha MIT. Ni wiki sita, masomo na malazi hayalipiwi, na kila mwanafunzi hufanya utafiti wake chini ya mwanasayansi. Nyingine ni SSP, ya tangu 1959, ambako vijana katika makundi madogo hupiga picha za asteroidi angani na kukokotoa njia inayopita kuzunguka jua. Ya tatu ni PROMYS ya Chuo Kikuu cha Boston, iliyoanza 1989, ambayo ni ya hesabu tupu kwa wiki sita.

Kabla ya kumaliza bando lako ukisoma sifa za kambi, tafuta kwanza sehemu inayosema nani anaruhusiwa kuomba. Kambi nyingi za bure ni za raia wa Marekani na wakazi wa kudumu tu. RSI huchukua pia wanafunzi wa nchi nyingine, lakini kwa utaratibu wao tofauti. SSP na PROMYS zinapokea maombi kutoka nje. Zina ada, na ada hiyo hupunguzwa kwa familia isiyo na uwezo, ila lazima uombe ufadhili kwa kujaza fomu yake. Nauli ya ndege uiulizie peke yake, maana mara nyingi haimo.

Zipo pia kambi za biashara zinazokodi majengo ya chuo chenye jina kubwa na kumpokea karibu kila anayelipa. Ukiona umetumiwa barua ya pongezi na hukuwahi kuomba, jua ni mojawapo ya hizo, au ni tapeli.

Sasa tuje kwenye maombi ya PROMYS, ambayo kwa maoni yetu yanamfaa kuliko mengine mtoto asiye na maabara. Sehemu yake kubwa ni maswali magumu ya hesabu ambayo mwanafunzi huyafanya nyumbani kwa muda mrefu. Ili msomaji aone ladha yake, tumetunga moja la kwetu. Namba 9 unaweza kuipata kwa kujumlisha namba zinazofuatana, 4 na 5. Namba 15 unaipata kwa 7 na 8, au 4, 5 na 6. Jaribu 10, inakubali: 1, 2, 3 na 4. Sasa jaribu 8. Namba zipi zinagoma, na kwa nini?

Hapo hakuna fomula ya kukariri. Unachukua daftari, unaandika namba moja moja mpaka 30 au 40, unaona mpangilio, unakisia, kisha unahangaika kueleza kwa nini makisio yako ni kweli siku zote. Wasomaji wa maombi wanataka kuyaona mahangaiko hayo, hata pale ulipokwama. Aliyefika nusu ya njia akaeleza vizuri anawavutia kuliko aliyeandika jibu lililonakiliwa. Kwa hiyo usimwombe mwalimu akufanyie, na usitafute jibu kwenye simu. Kurasa zako zikiwa tayari, zipige picha mahali penye mwanga au zipeleke kwa mtu wa steshenari.

Mwalimu ana kazi yake nyingine, nayo ndiyo inayokwamisha wengi: barua ya kumweleza mwanafunzi. Hutakiwa kwa Kiingereza, na mara nyingi mwalimu mwenyewe huituma moja kwa moja kwa kambi, kwa hiyo lazima awe na baruapepe anayoifungua. Mwendee miezi miwili kabla. Mwombe aandike jambo alilokuona ukilifanya, kwa mfano siku uliyobaki darasani kubishana na swali, kwa kuwa "ni mwanafunzi mzuri mwenye nidhamu" ni maneno yaliyomo kwenye kila barua.

Kalenda nayo inabana. RSI hufunga maombi Desemba, nyingine hufuata katika miezi ya mwanzo ya mwaka. Kwa Tanzania, kidato cha nne wana mtihani wa taifa Novemba, na kukosa wiki sita za masomo ni hatari ambayo sisi tusingeishauri. Kidato cha tatu wana nafasi zaidi kwa PROMYS, inayopokea kuanzia miaka 14. RSI na SSP zinawalenga hasa waliobakiza mwaka mmoja kumaliza sekondari, yaani kwetu kidato cha tano. Zungumza na mkuu wa shule kabla ya kuomba, si baada ya kuitwa.

Ada ya viza usiilipe kabla ya kupata barua ya kukubaliwa, maana hairudishwi hata ukinyimwa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, hicho kitafute sasa hivi. Pasipoti haitoki bila hicho.

Na kwa wale ambao safari ya mbali haiwezekani mwaka huu, Young Scientists Tanzania na Young Scientists Kenya huwapa wanafunzi wawili na mwalimu wao nafasi ya kuwasilisha utafiti walioufanya palepale walipo, iwe ni wadudu wa ghalani au maji ya kisima cha shule.

Swali letu la namba bado liko wazi. Ukilipata, tuandikie jinsi ulivyolipata, si jibu peke yake.