Ukiwa Kiptere, Kericho ni Nauli Tu

Mzazi uliyetoka Nairobi, Nakuru au Mombasa kwenda kula Krismasi Kiptere, hali hii unaijua. Siku mbili za kwanza watoto hufurahia kila kitu: ndama, mapera, na mursik inayowaachia masharubu ya kijivu. Siku ya tatu mvua inawafungia ndani. Kufikia siku ya tano wameanza kuuliza mtarudi mjini lini, na yule mkubwa aliye shule ya upili amekwisha kutangaza kwamba huku hakuna kitu cha kuona.

Nawe ukichungulia mfukoni unakuta nauli ya kurudi na karo ya Januari, pesa ambazo si za kuguswa. Hapo ndipo wazazi wengi huenda kukopa kwa shemeji ili watoto wapelekwe mahali pa kulipia, wabembee saa moja na kula chipsi, halafu Januari yote mtu anakwepa simu za shemeji.

Usikope. Panda matatu asubuhi na mapema, upitie Kapsoit, ufuate barabara kuu hadi mjini Kericho. Ukishalipa nauli, karibu kila kitu nitakachokueleza hapa ni cha bure.

Sitakudanganya kwamba Kericho ni Lamu. Hakuna ngome wala milango ya kuchongwa ya karne zilizopita. Historia ya mji huu ni ya juzijuzi, na sehemu kubwa yake imejificha ndani ya kitu ambacho wasafiri hukitazama dirishani wakakisifu kwa rangi yake tu. Ndiyo maana safari hii haianzii kituo cha matatu. Inaanzia jikoni kwa nyanya, jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Anza na kogo

Mwambie mwanao aketi karibu na moto amuulize nyanyake swali moja: "Kogo, kabla ya chai kuja, hapa palikuwa na nini?" Kisha wewe nyamaza. Usimsaidie kogo kujibu, na usimharakishe.

Ili ujue cha kusikiliza, haya ndiyo yaliyo kwenye vitabu. Wakoloni waliwanyang'anya Wakipsigis sehemu kubwa ya ardhi ya Kericho mapema katika karne ya 20. Baada ya Vita Kuu vya Kwanza, mwaka 1919, ekari 25,000 zilitengewa maofisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Hao hawakupanda chai. Walipanda kitani, mmea unaotoa nyuzi za kufumia nguo. Muda si muda bei ya kitani ikaanguka, mradi wao ukafa, na ardhi hiyo ikaishia mikononi mwa makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay, katika miaka ya 1920. Kwa hivyo ile kijani inayoonekana kana kwamba imekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia ina umri wa mtu mmoja mzee sana.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa maorkoiyot, waliokuwa viongozi na waonaji wa jamii. Walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto na mbung'o, wakakaa huko hadi karibu na uhuru. Waliporudi, wengi hawakukuta pa kurudi. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za kibinadamu wa Umoja wa Mataifa waliieleza serikali ya Uingereza wasiwasi wao kuhusu madai ya Wakipsigis na Watalai. Kesi hiyo haijawa hadithi ya kale.

Mtoto aliyezaliwa mwaka huo wa 1934 sasa amepita miaka tisini. Piga hesabu mwenyewe umebakiwa na likizo ngapi za kumuuliza. Kijana wa shule ya upili apewe daftari aandike majina ya watu, mito na vilima anavyovisikia, kwa sababu majina ndiyo hupotea kwanza.

Chai haina lango

Sasa mko mjini. Tokeni kwa miguu upande wa barabara ya Nakuru, kuelekea kituo cha Brooke, ambacho jina lake linakwambia ni kampuni gani ilitawala hapa. Chai imepandwa pande zote mbili, imekatwa sawasawa kama nywele za mwanafunzi siku ya kufungua shule. Kutazama ni bure. Kuingia katikati ya mistari na kupiga picha ni jambo jingine, kwani hilo ni shamba la mwenyewe: mkiona mlinzi au mnyapara, salimianeni kwanza, kisha ombeni. Akikataa, shukuruni mwende zenu.

Wafundishe watoto kuhesabu: majani mawili na kichipukizi kimoja, hicho ndicho mchumaji anachokitafuta. Waonyeshe pia mahali ambapo mashine imepita. Mashine za kuchuma zimepunguza kazi za mikono, na Mei 2023 hasira ya vijana waliokosa kazi iliwaka hapa hadi mashine zikachomwa moto. Mwaka uo huo mashamba ya James Finlay yalichukuliwa na kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mtoto akiuliza kwa nini kampuni ya kisiwa cha mbali inamiliki kilima kilicho karibu na kwao, usimfokee kwamba anauliza maswali mengi. Alikuwa jikoni jana usiku.

Neno moja kuhusu barabara hii. Malori yanayokwenda Kisumu na Uganda hupita kwa kasi, na jioni ya Juni 30, 2023, zaidi ya watu 50 walikufa katika makutano ya Londiani, mbele zaidi kwenye barabara hii hii, lori lilipowavamia waliokuwa kando ya njia. Tembeeni mbali na lami, na mtoto mdogo ashikwe mkono. Picha si kitu cha kufia.

Mkiwa na nguvu na nauli kidogo zaidi, kilomita kama nane kutoka mjini upande huo kuna Chagaik, bustani ya miti iliyopandwa na mkulima mmoja wa chai aliyeitwa Grumbley baada ya Vita Kuu vya Pili. Kuna miti kutoka pembe nyingi za dunia, mianzi, na bwawa lenye mayungiyungi. Bustani imo ndani ya ardhi ya chai, kwa hivyo ulizeni langoni kabla ya kufungua chupa ya chai na viazi vitamu. Mimi kama ningekuwa na watoto wadogo ningeiacha kwa siku nyingine, maana miguu yao itahitajika kwa yanayofuata.

Nyumba za Mungu ziko wazi

Kanisa kuu la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu linaonekana kutoka mbali, paa lake la vigae likipanda juu ya kilima kana kwamba ni mgongo wa nyumba kubwa ya kijijini. Lilitabarukiwa Mei 2015, lachukua watu 1,500, na lilisanifiwa na kampuni ya John McAslan ya London. Hata asiye mtu wa makanisa atasimama mlangoni akaguna. Matao ya saruji yaliyovikwa mbao yanapanda moja baada ya jingine, kila moja kubwa kuliko lililotangulia, na mwanga unashuka kutoka juu kabisa ya paa. Mwache mtoto alale chali kwenye benchi atazame juu, ikiwa hakuna ibada. Msiingie wakati wa misa kama watalii. Ama mketi msali, ama msubiri nje.

Kisha teremkeni mkaone kanisa la Kianglikana la Holy Trinity, dogo, la mawe, lililojengwa katika miaka ya 1950 kwa mtindo wa makanisa ya vijiji vya Uingereza. Halitawachukua dakika kumi. Lakini ukiwa umetoka lile kubwa, mtoto ataona mwenyewe tofauti ya watu waliojenga ili wakumbuke kwao na watu waliojenga wakiwa kwao.

Kufikia hapo ni saa sita na matumbo yanalalamika. Ulizeni njia ya kwenda hekalu la Wasikh, wale ambao wazee wetu huwaita Makalasinga.

Hapa ndipo wazazi wengi husita. Ndani ya hekalu kuna jiko linaloitwa langar, ambako kila mtu hupewa chakula bila malipo, awe Msikh au asiwe, awe na gari au awe na ndala. Mzazi husikia aibu. Anajiuliza watu watasema nini wakimwona na wanawe watatu wakila chakula cha bure, yeye mtu wa kutoka Nairobi.

Aibu hiyo ondoa. Langar si sadaka ya maskini. Ilianzishwa na Guru Nanak kule Punjab miaka kama 500 iliyopita, katika nchi ambayo mtu wa tabaka la juu hakula pamoja na wa chini, ili wote waketi sakafuni mstari mmoja na kula chakula kimoja. Tajiri akija huketi papo hapo. Anayekataa kwa kujiona bora ndiye anayekosa adabu.

Masharti ni machache. Vueni viatu, funikeni vichwa, wanaume na wavulana pia. Leso yoyote safi yatosha. Oshweni mikono. Pombe, sigara na nyama visiingizwe. Chakula ni cha mboga na nafaka: dengu, wali, chapati. Pokea chapati kwa mikono miwili, na usijaze sahani kwa tamaa kisha ukaacha nusu. Mkimaliza, ulizeni kama mnaweza kusaidia kuosha vyombo. Kijana wa shule ya upili ambaye nyumbani hagusi sufuria ataosha huko bila kunung'unika, hilo nakuahidi.

Simulieni pia habari za Baba Puran Singh, fundi aliyeishi Kericho miaka mingi na kuendesha karakana ya magari ya mizigo mjini humu. Baadaye alihamia Birmingham, Uingereza, akaanzisha jumuiya ya Wasikh iliyo na wafuasi katika nchi nyingi. Alifariki mwaka 1983, na hadi leo Wasikh humwita Kerichowale, yaani wa Kericho. Kuna watu wanaovuka bahari kuja kuuona mji huu ambao mwanao alisema hauna kitu.

Soko, mvua na mkoba

Baada ya kula, pitieni sokoni polepole. Kutazama hakulipiwi, ila usishikeshike mali ya mtu kama huna nia ya kununua. Tafuteni mama anayeuza vibuyu vya mursik, vile vilivyopambwa kwa shanga, mumwombe awaeleze jinsi kibuyu kinavyosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Hapo watoto watajua ile rangi ya kijivu kwenye masharubu yao ilitoka wapi.

Gharama ndogo zipo. Beba sarafu za choo cha kulipia, la sivyo mtoto mmoja atakuharibia siku. Wanafunzi mnaotoka chuoni kwa kikundi, changeni nauli na mmoja wenu ashike pesa, yule asiyependa soda.

Na msichelewe. Kericho hunyeshewa karibu kila alasiri, kwa kuwa hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda milimani na kupoa. Si mvua ya kawaida tu: milima hii hutajwa miongoni mwa mahali penye mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Saa nane mawingu yakianza kujikusanya, elekeeni kituoni. Mvua ikishika, matatu za kurudi hujaa, na nauli ya asubuhi haiwi tena ile ya asubuhi.

Kabla ya kupanda, ingia dukani. Huwezi kurudi kwa kogo mikono mitupu, na yeye atakachotaka ni sukari na majani chai. Ndiyo, majani chai. Mkulima mdogo, ambaye Mwafrika kama yeye hakuruhusiwa kulima zao hili hadi miaka ya 1950, hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, yakapimwa kwenye mizani na kupakiwa kwenye lori la kiwanda. Ya kupika nyumbani huyanunua dukani, kwenye pakiti, kama wewe Nairobi. Mwambie mwanao ndiye alipe, asome bei kwenye pakiti. Halafu usiku amuulize kogo kilo moja ya majani mabichi alilipwa ngapi.