Kupimwa Mwendo wa Moyo

Wanachama wetu, kizunguzungu kikimshika mchumaji juu ya mkarafuu, huanguka. Basi twawashauri: mwenye kuzimia, au ambaye moyo humwenda mbio bila ya sababu, asipande kabla hajamwona daktari.

Kipimo hakiumi. Utalala kitandani kifua wazi, ubandikwe vibandiko 10 vyenye nyaya: 6 kifuani, 4 mikononi na miguuni. Mashine haipeleki umeme mwilini. Hupokea tu ule mdogo utokao moyoni, ikauchora karatasini. Tulia, usiseme, ni dakika chache tu. Siku hiyo usijipake mafuta, vibandiko havitashika. Chukua na dawa unazotumia.

Karatasi ikiwa safi, kisha mbio zikarudi, rejea kwa daktari. Huenda akakuvisha mashine ndogo kwa saa 24.