Jeraha Lisilouma: Vidonda vya Miguu na Mikono kwa Wanaoishi na Kisukari katika Pwani ya Lindi

Mvuvi wa Rasbura aliyeishi na kisukari kwa miaka kumi na tano hushuka mwambani wakati wa bamvua kuchokoa pweza. Maji yakianza kujaa hurudi nyumbani, huoga, hula na kulala. Asubuhi mkewe huona doa la damu kwenye shuka, na alipotafuta chanzo chake hukuta kipande cha tumbawe kimezama katika unyayo wa mumewe. Mwenye mguu hakuwa na habari. Alitembea nacho kutoka ufukweni hadi nyumbani bila kuchechemea hata hatua moja.

Mfano huu si wa mtu mmoja. Ni sura ya kawaida ya namna vidonda vya kisukari vinavyoanza, na ndani yake limo jambo ambalo wagonjwa wengi hawakuambiwa siku walipopimwa kwa mara ya kwanza: hatari kubwa ya mguu wa mgonjwa wa kisukari ni kutouma. Maumivu yangemfanya mvuvi yule asimame, aketi juu ya jiwe na kuutazama unyayo wake. Kwa kuwa hayakuwepo, aliendelea kuukanyagia mwili wake wote juu ya jeraha.

Sukari inapokaa juu katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni mwa miguu, ndiyo hutangulia kuathirika. Wengine husikia moto, sindano au sisimizi miguuni, hasa usiku. Wengine hawasikii chochote, nao hudhani wamesalimika. Uharibifu huo hauishii kwenye hisia. Mishipa inayoendesha misuli midogo ya mguu nayo hudhoofika, vidole hujikunja kama kucha za ndege, na uzito wa mwili huangukia sehemu chache za unyayo, ambako sugu huota. Jasho hupungua, ngozi hukauka na kupasuka visiginoni. Chini ya sugu nene kunaweza kuwa na kidonda kilichokwisha kuchimbika, ilhali juu yake ngozi ni ngumu na inaonekana salama. Kwa baadhi ya wagonjwa, hasa wavutaji wa sigara, mishipa ya damu huziba pia, na kidonda hukosa damu ya kukiponya.

Elimu hii kwa sehemu kubwa ilipatikana kwa wagonjwa wa ukoma. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Vellore nchini India, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wa ukoma haviozi kwa sababu ya ukoma wenyewe. Huharibiwa na majeraha, mioto na migandamizo isiyohisiwa. Alipohamia Carville huko Louisiana, Marekani, mwaka 1966, mbinu zile zile za kulinda miguu ya wagonjwa wa ukoma zilitumika kwa wenye kisukari, na hadi leo hogo linalokumbatia mguu mzima na kugawanya uzito ni miongoni mwa tiba bora za kidonda cha unyayo. Jambo hili lina maana ya pekee kwa wahudumu wa mikoa ya kusini mwa Tanzania, ambako ukoma haujatoweka. Mgonjwa mwenye ganzi na kidonda apimwe sukari, lakini pia ngozi yake ikaguliwe kutafuta mabaka yasiyo na hisia.

Waswahili wana jina la kidonda kisichopona: donda ndugu. Jina hilo limebeba masikitiko ya kitu kilichohamia mwilini na kukataa kuondoka, kikawa kama jamaa wa nyumbani. Ubaya wake ni kwamba humzoesha mgonjwa kuishi nacho. Miezi hupita, kitambaa hubadilishwa, na kila anayeuliza hujibiwa kuwa ni kile kile cha siku zote. Kuna pia maelezo mengine, kwamba mgonjwa amekanyaga kitu alichotegewa, na kwa hiyo mguu upelekwe kwa mganga kwanza. Muhudumu wa afya anayeyacheka maelezo hayo humpoteza mgonjwa. Ni afadhali akubali kwamba kweli mgonjwa amekanyaga kitu, kisha amwonyeshe ni kitu gani, na kwa nini hakukisikia.

Mjini Lindi kuchelewa hakuwezi kuelezwa kwa umbali peke yake. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine imo humo humo mjini, na mkazi wa Rasbura hahitaji siku ya safari kuifikia. Kwa mkazi wa Songosongo, anayesubiri chombo cha kumvusha hadi Kilwa, hesabu ni nyingine, naye anapaswa kuondoka mapema zaidi kuliko jirani wa hospitali. Lakini wote wawili huzuiwa na fikra moja: kisichouma hakijawa kibaya.

Mkono nao una hadithi yake, ambayo haisimuliwi vya kutosha. Vitabu vingi vya kisukari huzungumzia mguu tu. Hata hivyo, tangu miaka ya 1980 madaktari wa Nigeria walieleza maambukizi makali ya mkono kwa wagonjwa wa kisukari, na baadaye Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliyafuatilia kwa kina. Taarifa ya wagonjwa waliohudumiwa Dar es Salaam kati ya 1998 na 2002 ilichapishwa katika jarida la kila wiki la kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani. Hali hiyo imeripotiwa zaidi Afrika, hasa maeneo ya pwani. Huanza na kitu kidogo mno: mkwaruzo, mdudu aliyeuma, mwiba. Mkono huvimba, usaha hujikusanya katika nafasi za kiganja na kufuata njia za kano, na katika siku chache vidole huweza kuwa vyeusi. Mguu mara nyingi humpa mgonjwa majuma. Mkono humpa siku. Anayeshikwa na hali hii bila upasuaji wa haraka huweza kupoteza vidole, mkono mzima au maisha.

Na katika pwani hii mikono haipumziki. Anayeparua samaki huchomwa na mwiba wa hongwe au wa taa. Anayebangua korosho nyumbani hushika maganda yenye mafuta makali yanayounguza ngozi, na mwenye ganzi hugundua malengelenge baada ya kazi kwisha. Mama anayeepua sufuria kwa vidole, kama alivyofanya ujana wake wote, haoni tofauti mpaka ngozi ichubuke. Panya pia wamo katika orodha. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini. Husemwa kwamba panya huuma na kupuliza. Kwa mtu aliyekufa ganzi, panya hana haja ya kupuliza. Kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na kunawa mikono na miguu yenye harufu ya samaki kabla ya kulala, ni kinga isiyohitaji dawa.

Wakazi wengi wa Lindi na Kilwa ni Waislamu, nao hutawadha mara tano kwa siku. Ni vigumu kubuni utaratibu wa kukagua miguu ulio bora kuliko huo, iwapo utakamilishwa kwa mambo mawili: kutazama na kukausha. Anayepitisha vidole vya mkono kati ya vidole vya miguu atazame pia kama kuna ufa, lengelenge, wekundu au unyevu, kisha akaushe kwa kitambaa safi, kwa maana ngozi inayobaki na maji kati ya vidole hulainika na kuingiwa na fangasi. Asiyeuona unyayo wake aweke kioo sakafuni au amwombe mjukuu amtazamie. Mwenye kidonda kilichofungwa asilazimike kukilowesha. Dini imeweka nafuu kwa mgonjwa, na imamu wa msikiti wake anaweza kumweleza namna yake.

Viatu ni mtihani mkubwa zaidi. Kandambili hulinda kidogo, lakini mkanda wake huchana nafasi ya kidole gumba, na msumari huipenya kwa urahisi. Katambuga zina soli imara, ila misumari iliyozishikilia huchomoza ndani kadiri zinavyochakaa. Kiatu chochote kikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono kabla ya kuvaliwa, na kama mkono nao una ganzi, macho yafanye kazi hiyo. Kiatu kipya kinunuliwe jioni, mguu ukiwa umetanuka. Kutembea pekupeku kusiwepo hata ndani ya nyumba, achilia mbali juu ya mchanga wa saa saba mchana.

Likitokea jeraha, lioshwe kwa maji safi, lifunikwe kwa kitambaa safi na lipelekwe kituoni siku hiyo hiyo. Kupasua vidonge vya rangi mbili na kunyunyizia unga wake juu ya kidonda, tabia iliyoenea sana, hakutibu; hutengeneza ukoko unaofunika usaha. Kuloweka mguu katika maji ya moto na chumvi kumewaunguza wengi waliodhani maji ni ya vuguvugu. Sugu zisikatwe kwa wembe nyumbani. Dalili zisizongoja asubuhi ni uvimbe unaopanda, harufu mbaya, ngozi kuwa nyeusi, homa, kutetemeka, au sukari kupanda ghafla bila sababu. Mguu mmoja unaovimba na kuwa wa moto bila kidonda chochote nao usichukuliwe kuwa umeteguka tu. Huenda mifupa yake imeanza kuvunjika ndani, na mwenyewe angali anautembelea.

Kwa muhudumu wa zahanati, ukosefu wa vifaa usiwe kisingizio. Uzi maalumu wa nailoni wa gramu 10 ni mzuri ukiwepo. Usipokuwepo, mgonjwa afumbe macho, naye muhudumu aguse kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano cha kila mguu. Asiyehisi miguso miwili au zaidi kati ya sita amepoteza hisia ya kinga. Mapigo ya damu yapapaswe juu ya mguu na nyuma ya kifundo cha ndani. Kidonda kikipimwa kwa kifaa safi na kikagusa mfupa, maambukizi ya mfupa yashukiwe sana, na rufaa iandikwe. Mkono uliovimba wa mgonjwa wa kisukari usipewe vidonge na kurudishwa nyumbani: uinuliwe, viuavijasumu vya mshipani vianze, kinga ya pepopunda itolewe, na daktari wa upasuaji aitwe siku ile ile. Kila mwenye kidonda kisichopona apimwe sukari, kwani wapo wanaogundua kisukari chao kwa njia hiyo.

Tanzania ina uzoefu wa kujivunia hapa. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 Dkt. Abbas, pamoja na Karel Bakker wa Uholanzi na wenzao wa India, walianzisha mpango wa mafunzo wa hatua kwa hatua, ambamo daktari na muuguzi wa hospitali moja hufunzwa pamoja, hurudi kazini na vifaa, kisha huwafunza wengine. Uamuzi wa kuwafunza wawili wawili ulikuwa wa busara. Daktari huhamishwa, muuguzi hubaki. Na mara nyingi muuguzi ndiye anayefungua bendeji.

Agizo gumu kuliko yote ni lile fupi: usikanyagie. Mvuvi, mkulima wa mwani au muuza samaki akiambiwa asiutumie mguu kwa majuma kadhaa, huulizwa kwa kweli nani atalisha nyumba. Agizo hilo lisitolewe bila kuzungumza na mke, mume au watoto waliomsindikiza, na bila kutafuta magongo, kiatu cha kupunguzia uzito au hogo. Kidonda ambacho hakijapungua nusu ya ukubwa wake baada ya majuma manne ya tiba kinahitaji kuangaliwa upya. Kikishafunga, takriban wagonjwa 40 kati ya 100 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi pale pale. Kwa hiyo aliyepona huendelea kuonwa kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na katika kila ziara huvua viatu vyote viwili kabla ya kuketi.