Je, Wajua? Visiwa Vilivyo Mbali na Kila Mtu

Je, wajua kuna ndege ya abiria inayomaliza safari kwa sekunde 53? Ni kutoka Westray hadi Papa Westray, visiwa viwili vya Uskoti vilivyoachana kwa kilomita 2.7 tu. Ratiba inasema dakika mbili, lakini hizo 53 ndizo rekodi! Dar es Salaam hadi Unguja, ile tunayoiita fupi, ni kama dakika 20.

Haya, geuka upande wa pili. Ukipanda ndege Santiago, mji mkuu wa Chile, kwenda kisiwa cha Rapa Nui, utapaa zaidi ya saa tano, kilomita zaidi ya 3,700, chini yako maji matupu. Ukishuka, bado uko Chile! Na njia ya kurukia ndege ya kisiwa hicho kidogo ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Miaka ya 1980 Marekani iligharamia kuirefusha, ili vyombo vyake vya anga za juu vipate pa kutua kwa dharura. Hakijatua hata kimoja.

Na St Helena je, alikofungwa Napoleon mpaka akafa mwaka 1821? Kisiwa hicho kilipata ndege ya abiria ya ratiba Oktoba 2017, juzi tu! Kabla ya hapo ilikuwa meli, siku tano hivi kutoka Cape Town. Sasa kutoka Johannesburg ni kama saa sita, na ndege hutua kwanza Namibia kujaza mafuta. Upepo wa kisiwani ni mkorofi: rubani akishindwa kutua, lazima awe na mafuta ya kumrudisha bara.

Ngoja, usiondoke! Wajua na nani mwingine alipelekwa St Helena? Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar, yule ambaye vita vyake na Waingereza, Agosti 27, 1896, havikufika hata saa moja. Walipomkamata miaka mingi baadaye walimpeleka Shelisheli na St Helena. Alirudi pwani yetu, akafia Mombasa mwaka 1927.

Huko huko St Helena kuna kobe aitwaye Jonathan, naye katoka Shelisheli. Alifika mwaka 1882 akiwa tayari mkubwa, miaka 21 kabla ndugu Wright hawajarusha ndege yao ya kwanza. Ndege ya abiria ilipotua 2017, ilimkuta hai!

Lakini kisiwa cha Tristan da Cunha hakina uwanja wa ndege kabisa. Kutoka Cape Town ni kilomita kama 2,800, wiki nzima baharini, na jirani wa karibu ni St Helena, kilomita zaidi ya 2,400. Volkano ilipolipuka mwaka 1961, wakazi wote walihamishiwa Uingereza. Unadhani walibaki huko? Mwaka 1963 wengi wao walirudi kwao!

Na kuna mahali katika Pasifiki Kusini, Point Nemo, ambapo nchi kavu ya karibu iko kilomita 2,688. Kituo cha kimataifa cha anga za juu hupita kilomita kama 400 tu juu ya dunia. Kikipita hapo na wewe uko mashuani, majirani zako wa karibu ni wanaanga!